Maswali ya Wageni wa Siku Moja: Usemi wa Abiria wa Meli za Kitalii Bandarini Mombasa

Utangulizi

Masimulizi ya safari ni utanzu uliopewa nafasi finyu katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu tunapoutaja huwakumbuka wasafiri wa misafara ya bara, tukataja tarehe mbili tatu, kisha tukaikimbilia riwaya na ushairi. Makala haya yanakusudia kuutazama utanzu huo kwa upande usiozoeleka. Hayaanzi na kitabu. Yanaanza na swali. Yanachunguza maswali ambayo abiria wa meli za kitalii huuliza kabla ya kushuka Mombasa na baada ya kushuka, majibu wanayopewa, na maono wanayoondoka nayo. Hoja yetu ni kwamba swali la msafiri, hata liwe dogo kama la saa au la nauli, limebeba ndani yake picha fulani ya mwenyeji. Aidha, yule anayelijibu, awe dereva wa teksi au mwongozaji wa watalii, ndiye mtunzi wa nusu ya pili ya masimulizi hayo, ijapokuwa jina lake haliandikwi popote.

Mgeni asiyetimiza siku

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Abiria wa meli ya kitalii haifikii hata hiyo siku ya pili. Meli hufunga gati Kilindini alfajiri au asubuhi, na mara nyingi hung'oa nanga kabla ya usiku kuingia. Mgeni huyu hatafuti malazi, kwa kuwa kitanda chake kimo melini. Hashuki na njaa, kwa kuwa amekwisha kula. Anachokitafuta ni kuona, na kuona kwenyewe kumepimwa kwa saa. Hii ndiyo sababu maswali yake mengi ni ya muda na masafa: Je, nitawahi kwenda Tsavo na kurudi? Kutoka gatini hadi Ngome ya Yesu ni mwendo gani? Naweza kutembea kwa miguu?

Majira ya kuja kwake pia yanafaa kuzingatiwa. Meli hizi huonekana zaidi kati ya Novemba na Aprili, yaani wakati wa kaskazi, majira yale yale yaliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Sababu, hata hivyo, hazifanani. Jahazi lilisukumwa na upepo. Meli ya leo inaikimbia baridi ya Ulaya na Marekani Kaskazini, na pia inaepuka bahari ya kusi ambayo mawimbi yake ni makali zaidi. Msimu ni ule ule ilhali mantiki imegeuka, na mwenyeji wa Mombasa bado huangalia upande wa bahari katika miezi ile ile.

Mrama, demani na goshini

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa sana hata kabla ya safari kuanza ni haya: Je, nitatapika? Nichukue chumba upande gani? Maswali haya mawili ni hazina kwa mwanafunzi wa msamiati, kwani Kiswahili kilikuwa na majibu yake kabla ya meli za stima kuundwa.

Chombo kikiyumba huku na huku, mabaharia wetu husema kinakwenda mrama. Leo tunalitumia neno hilo kwa mipango iliyoharibika, tukasahau kwamba asili yake ni bahari. Na msafiri anayepatwa na kichefuchefu husemwa kuwa bahari imemlevya. Usemi huu ni sahihi kuliko inavyodhaniwa. Kulewa bahari hutokea kwa sababu viungo vya usawaziko vilivyo ndani ya sikio huuambia ubongo kwamba mwili unasogea, ilhali macho yanayotazama kuta za chumba yanashuhudia kwamba kila kitu kimetulia. Ubongo unapata habari mbili zisizopatana. Ndiyo maana ushauri wa wazoefu ni mtu achukue chumba cha katikati ya meli, kwenye sitaha za chini, mahali ambapo mwendo ni mdogo, na akizidiwa apande juu akaukazie macho upeo wa bahari. Wengine hutafuna tangawizi. Tezi na omo, yaani nyuma na mbele, ndiko chombo kinakopanda na kushuka zaidi. Kila aliyewahi kukaa omo ya jahazi wakati wa kusi anajua bila kuambiwa.

Kuhusu upande, Waingereza wana hadithi maarufu. Inasimuliwa kwamba neno lao la kumwelezea mtu au kitu cha kifahari, *posh*, lilitokana na herufi za kwanza za maneno ya tiketi za meli za kwenda India, zilizomhakikishia tajiri chumba cha kushoto wakati wa kwenda na cha kulia wakati wa kurudi, ili asipigwe na jua. Wanaleksikografia hawajapata ushahidi wowote wa tiketi kama hizo. Ni etimolojia ya mitaani, tamu lakini haina mizizi. Sisi tulikuwa na njia nyingine kabisa ya kugawa chombo: upande wa goshini ni ule unaopata upepo, na upande wa demani ni ule uliokingika. Tazama tofauti hii, msomaji. Kushoto na kulia ni vya chombo chenyewe na havibadiliki; goshini na demani hubadilika kila upepo unapogeuka. Abiria anapouliza upande upi ni mzuri, nahodha wa zamani wa Lamu angemjibu kwa swali: kwa upepo upi?

Na kuna ngazi. Abiria aliyeshuka asubuhi kwa ngazi yenye mteremko mpole hurudi alasiri akaikuta imesimama, au kinyume chake, akauliza ni nani aliyeihamisha. Hakuna aliyeigusa. Maji ya Kilindini wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na meli hupanda na kushuka nayo. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo. Mwongozaji anayeyajua maneno haya mawili, bamvua na maji mafu, na akaweza kuyaeleza pamoja na mwezi unavyohusika, amempa mgeni somo ambalo halimo katika kijitabu chochote cha watalii.

Saa ngapi?

Sasa tufike penye kiini. Hakuna swali zito zaidi kwa abiria wa meli kuliko hili, na hakuna linalokabili Kiswahili kwa namna ya pekee kuliko hili.

Kila meli hutangaza saa ya mwisho ya abiria kuwa wamekwisha kupanda, kwa kawaida nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Anayechelewa akiwa katika matembezi aliyoyanunua melini kwa kawaida husubiriwa au hufanyiwa mpango na kampuni ya meli. Anayechelewa akiwa na teksi yake mwenyewe huachwa. Atalazimika kumtafuta wakala wa meli bandarini, kisha ajilipie mwenyewe safari ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata, ambayo huenda ikawa Unguja, Ushelisheli au Bukini.

Tuchukue mfano. Meli imetangaza saa ya mwisho kuwa 17:00. Dereva wa Kiswahili anaijua saa hiyo kuwa saa kumi na moja jioni. Mgeni aliyejifunza hesabu za Kiswahili katika kijitabu chake anasikia "kumi na moja" na akilini mwake inamjia saa ile ambayo sisi tunaiita saa tano. Tofauti ni ya saa sita. Kwa bahati nzuri kosa la namna hii hujulikana upesi, maana hakuna meli ya mchana inayongoja hadi saa tano usiku. Hatari iko katika saa za katikati. Dereva anayesema "tutarudi saa nane" anakusudia 14:00. Mgeni anaweza kuelewa saa mbili za usiku. Madereva wazoefu wana dawa yake: hawaitaji saa, wanaionyesha. Uso wa saa una siri ndogo inayowafurahisha wageni, kwamba nambari tunayoitamka sisi ndiyo inayokabiliana na ile inayoelekezwa na mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye tano, sisi tunasema kumi na moja. Ukiwa kwenye mbili, tunasema nane.

Lakini kuna mtego wa pili, nao hautokani na Kiswahili. Ni saa ya meli. Ushelisheli na Morisi ziko saa moja mbele ya Kenya. Meli inayotoka huko inaweza kurudisha saa zake nyuma kabla ya kufika Mombasa, au nahodha anaweza kuamua kuiacha saa ya meli ilivyo ili asiwasumbue abiria kwa mabadiliko ya siku moja. Akiamua hivyo, 17:00 ya melini ni 16:00 ya Mombasa. Wakati huo rununu ya abiria, mara inaposhika mtandao wa nchi kavu, hujibadilisha yenyewe bila kumwuliza. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na saa tatu kwa mpigo: ya melini, ya rununu, na ya dereva wake. Swali la kwanza la mwongozaji kwa mgeni, kabla ya bei na kabla ya Tsavo, linapaswa kuwa: saa yako ni ya meli au ya mji?

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi. Katika vyuo vyetu saa ya Kiswahili hufunzwa kama kipengele cha utamaduni, tena kwa dakika chache. Gatini ni suala la mtu kufika au kutofika kwao, na la dereva kulipwa au kushtakiwa.

Je, ni salama?

Swali hili lina dhana tangulizi, yaani jambo ambalo muulizaji amelichukua kuwa kweli kabla hajafungua kinywa. Anayeuliza "Je, ni salama kutoka peke yangu?" amekwisha kukubali kwamba kutoka peke yake ni jambo la kutiliwa shaka. Haitoshi kumlaumu. Hofu yake ina historia. Tarehe 5 Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit, ikielekea Mombasa kutoka Alexandria, ilishambuliwa na maharamia katika pwani ya Somalia. Iliponyoka, ikaenda Ushelisheli badala ya kuja kwetu. Miaka iliyofuata uharamia ulizifukuza meli nyingi katika bahari hii. Tangu mwishoni mwa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yamezifanya kampuni nyingi kubadili njia tena. Mwenyeji anayemjibu mgeni kwa kucheka tu, "hakuna shida", hajamjibu.

Hata hivyo, ni vyema tujiulize nani mwingine hulijibu swali hili. Abiria huliuliza kwanza melini, kwenye meza inayouza matembezi. Anayeketi nyuma ya meza hiyo ana bidhaa. Akisema kwamba mji ni salama na kwamba teksi ziko nje ya lango, amepoteza mteja. Hahitaji kusema uongo. Inatosha kusema "tunashauri" na kunyamaza. Katika taaluma ya pragmatiki, kimya cha namna hii ni tendo usemi kamili, na matokeo yake hupimika katika mfuko wa dereva aliyengoja langoni tangu alfajiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii inadhani kwamba mgeni na mwenyeji wanaonana ana kwa ana. Haikumtazamia dalali anayeketi kati yao baharini.

Jibu la haki ni refu kidogo. Eneo la bandari ni la malori na makontena, si la kutembea kwa miguu, na hilo ni kwa ajili ya ajali kuliko wizi. Mji wa Kale unatembeleka kwa miguu, na ni bora kwa mtu anayezijua vichochoro. Bei ya teksi isemwe kabla ya mlango kufungwa, na isemwe ni ya gari au ya kichwa. Tsavo Mashariki inawezekana kwa siku moja: lango la Bachuma liko takriban kilomita 100, lakini barabara ya Nairobi inabeba malori ya bandarini, na mtu ahesabu saa mbili hadi tatu za kwenda na nyingine za kurudi. Meli ikikaa saa nane tu, mwongozaji mwaminifu atamwambia mgeni abaki mjini, na hapo atakuwa amejikosesha pesa kwa kusema kweli. Kuhusu fedha, wachuuzi wengi wamezoea M-Pesa tangu ilipoanzishwa mwaka 2007, ambayo mgeni wa siku moja hana, na noti kuukuu za dola hukataliwa. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo aiache melini.

Swali la kuchekesha na asiyeandikwa

Mabaharia wa meli za kitalii wana hazina ya vichekesho kuhusu maswali ya abiria. Je, ngazi hii hupanda au hushuka? Je, wafanyakazi hulala humu humu melini? Karamu ya saa sita usiku huanza saa ngapi? Mwandishi Mmarekani David Foster Wallace, aliyesafiri Karibea mwaka 1995, aliyaorodhesha baadhi ya maswali kama haya katika insha yake iliyochapishwa na jarida la Harper's mwaka 1996. Karne moja na zaidi kabla yake, Mark Twain alipanda meli ya Quaker City mwaka 1867, na kitabu chake cha 1869 kikawafanyia mzaha wasafiri wenzake walioizunguka Bahari ya Kati.

Vichekesho hivi vina kazi ile ile inayofanywa na ngano za Abunuwasi: mdogo anamcheka mkubwa pasi na kuadhibiwa. Lakini si vyote ni vya ujinga. Chukua lile la wafanyakazi kulala melini. Vyumba vyao viko chini kabisa, nyuma ya milango isiyofunguliwa kwa abiria, na ngazi zao ni nyingine. Meli imejengwa ili abiria asiwaone wakipumzika. Basi anayeuliza wanalala wapi ameitambua kasoro ambayo mjenzi aliificha, na mimi naliona kuwa swali la busara kuliko mengi yanayoulizwa kuhusu simba.

Katika Twain na Wallace, msafiri ndiye anayeandika na ndiye anayechekwa. Je, sisi tunaye msafiri wetu? Tunaye. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901 huko Göttingen, yumo Selim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija, aliyesimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, alipoandamana na Mjerumani aliyemtumikia. Huyu ndiye mgeni aliyekuwa kuku mweupe kwelikweli katika nchi za watu. Anatazama miji, mito na watu wa nchi zile, wakiwamo Waislamu wenzake, kwa jicho la mtu wa pwani yetu. Matini yake ni Kiswahili, swali lake ni letu. Lakini tukumbuke kwamba Velten alikuwa mwalimu wa lugha aliyehitaji matini za kufundishia Wajerumani. Yeye ndiye aliyeomba masimulizi hayo. Hata pale mwenyeji alipopata kuwa msafiri, aliyeagiza hadithi alikuwa mwingine.

Maono

Maono ya abiria hujengwa na vitu vichache mno. Pembe za Barabara ya Moi ni mfano mzuri. Wageni huuliza kama ni za ndovu halisi, na wengine hukasirika kabla ya kujibiwa. Ni za alumini, zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza. Mwongozaji anaweza kukomea "si halisi", au anaweza kueleza kwa nini koloni lilimpamba binti wa mfalme kwa pembe. Kadhalika Ngome ya Yesu: iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Tarehe zote mbili hukaririwa na kila mwongozaji. Kinachosahaulika ni swali ambalo wageni wachache huuliza: nani alibeba mawe?

Na ndovu wekundu wa Tsavo: mgeni hudhani ni aina nyingine ya ndovu. Ni udongo mwekundu wanaojimwagia. Jibu ni fupi, na mgeni hufurahi kulisikia kuliko angefurahi kuambiwa kwamba ni aina nyingine.

Namna ya kukusanya

Kwa mwanafunzi mwenzangu anayetafuta mada ya tasnifu, uwanja huu uko wazi. Bandari ni eneo la ulinzi na haiingiliki bila kibali, lakini lango, kituo cha teksi na baraza za Mji wa Kale zinatosha. Aombwe ruhusa anayerekodiwa, mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Swali lisinukuliwe bila jibu lake, wala jibu bila kuonyeshwa lugha lililotolewa, maana dereva mmoja anaweza kuanza kwa Kiingereza, akabembeleza kwa Kitaliano, kisha akamgeukia mwenzake kwa Kimvita kusema alichokusudia hasa. Jina la meli lisiandikwe bila bandari ilikotoka. Na saa iandikwe kwa hesabu zote mbili.